Michezo ya mabilioni: Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti

Likizo ya Agosti iliyopita niliamua kujipa zawadi. Baada ya kusahihisha karatasi za mitihani hadi macho yakaingia ukungu, nilichukua shilingi elfu tisa nilizokuwa nimeziweka kando kidogo kidogo, nikaenda mjini kununua mchezo wa video ambao matangazo yake yalikuwa yamenifuata kila pembe ya mtandao kwa muda wa mwaka mzima. Sitautaja mchezo wenyewe wala kampuni iliyoutengeneza, maana nia yangu si kumpaka mtu matope. Nilifika nyumbani, nikaitia diski katika mashine, nikaketi kama bwana harusi anayesubiri kuitwa. Kumbe harusi yenyewe ilikuwa bado mbali. Diski ile haikuwa na mchezo. Ilikuwa ufunguo tu. Maandishi kwenye runinga yalinieleza kwamba mchezo ulikuwa ng'ambo, na kwamba ulikuwa na uzito wa zaidi ya gigabaiti 100 ambazo nilitakiwa kuzipakua kwa gharama yangu mwenyewe.

Ilinichukua siku mbili na usiku wake, stima ikipotea mara moja katikati ya kazi. Siku ya tatu mchezo ulifunguka. Jambo la kwanza nililoliona halikuwa msitu wala ngome wala adui. Niliona duka. Palikuwa na kanzu za shujaa wangu, kila moja na bei yake. Palikuwa na panga zilizong'aa, nazo zilikuwa na bei. Palikuwa na tikiti ya msimu, ambayo asiyeinunua angetazama tu wenzake wakizawadiwa. Nikayapita hayo yote nikaanza kucheza peke yangu, bila mshirika wala mpinzani. Hata hivyo, kila mara intaneti ilipokatika nilifukuzwa mchezoni kana kwamba nimevunja sheria. Nilivumilia kwa saa sita, nikazima mashine, na tangu siku ile sijaiwasha tena kwa ajili ya mchezo huo. Wahenga hawakukosea waliponena: Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Huenda msomaji akashangaa ni kwa nini mwalimu mzima, mwenye mvi za kuhesabika, anaujaza ukurasa huu kwa habari za michezo ya watoto. Nina sababu mbili. Kwanza, michezo hii si ya watoto tena. Mapato ya sekta hii duniani yameyapita ya kumbi za sinema, na wanafunzi wetu wengi huijua kuliko wanavyozijua riwaya tunazowatahini. Pili, yaliyoipata michezo ya fedha nyingi ni funzo kuhusu jambo kubwa zaidi: yale yanayoifika kazi yoyote ya sanaa pale ambapo fedha zilizomwagwa ndani yake zinazidi ujasiri wa wale wanaoitunga.

Kabla sijaendelea, sharti nijibu shtaka ambalo vijana wangu darasani hunitupia kila mara. Husema: “Mwalimu, wewe umezeeka tu. Kila mzee huamini kwamba mambo ya zamani ndiyo yaliyokuwa matamu.” Shtaka hili si jepesi, nami nimelipima.

Ni kweli kwamba nilionja michezo hii kwanza katika miaka ya tisini, mtaani Majengo, Mombasa. Jirani yetu mmoja alikuwa na mashine ndogo iliyochomekwa kwenye runinga, ikitumia kaseti za plastiki. Tulilipa shilingi chache, tukapanga foleni mlangoni, tukacheza Super Mario Bros., mchezo uliotungwa na kampuni ya Nintendo huko Japani mwaka 1985. Kaseti ya mchezo huo ilibeba takriban kilobaiti 40 tu. Mimi ni mwalimu wa Hisabati, na mazoea hayana dawa, basi nimepiga hesabu: mchezo wangu wa Agosti uliuzidi ule wa Majengo mara milioni mbili na nusu kwa uzito. Lakini ule wa kilobaiti 40 ulikuwa ukianza papo hapo swichi ilipobonyezwa, na ulipokushinda ulijua wazi kwamba kosa ni lako. Uliruka mapema mno ama umechelewa. Ukarudia, ukajifunza, ukavuka.

Nje ya mlango huo huo wazee walikuwa wakicheza bao barazani. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, basi. Halina picha, halina muziki, wala halihitaji stima. Hata hivyo, niliwaona watu wazima wakilizama kuanzia alasiri hadi adhana ya magharibi, na bingwa wa mtaa alikuwa amelicheza miaka thelathini bila kulimaliza. Nilichojifunza kati ya mlango ule na baraza ile ndicho kipimo changu hadi leo: mchezo ni kanuni zinazompa mchezaji nafasi ya kuchagua, kisha zikamwonyesha matokeo ya uchaguzi wake. Mengine yote ni mapambo. Mapambo si mabaya, bali hayawezi kushika mahali pa kanuni.

Wala sidai kwamba zamani kila kitu kilikuwa asali. Mwaka 1982 kampuni ya Atari ya Marekani ilitoa mchezo uliotokana na filamu mashuhuri ya E.T. Mtungaji wake alipewa takriban majuma matano tu kuukamilisha ili uwahi Krismasi. Ulikuwa mbovu kiasi kwamba shehena ya kaseti ilizikwa jaani katika jangwa la New Mexico mwaka 1983, na mwaka 2014 wachimbaji walizifukua baadhi yake. Mwaka huo wa 1983 soko la michezo hiyo Marekani liliporomoka. Basi ubovu si uvumbuzi wa vijana wa leo. Tofauti ni kwamba mchezo wa E.T. uliharibika kwa sababu ulitengenezwa kwa haraka; michezo mingi ya mabilioni inayotusikitisha siku hizi imeharibika ingawa ilipewa miaka mitano, minane, hata kumi, pamoja na mamia ya wafanyakazi hodari. Hapo ndipo penye fumbo.

Tuanze na mfano uliojulikana sana. Mchezo wa Cyberpunk 2077, wa kampuni ya CD Projekt ya Poland, ulitangazwa mwaka 2012, ukaahirishwa mara tatu ndani ya mwaka 2020, hatimaye ukatolewa tarehe 10 Desemba mwaka huo. Watu wapatao milioni nane walikuwa wameulipia kabla hawajaugusa. Kwenye mashine za kizazi kilichotangulia, ambazo ndizo walizokuwa nazo watu wengi, mchezo ulikwama, wahusika walipotea nyuso, magari yakazama ardhini. Siku saba baadaye kampuni ya Sony iliuondoa katika duka lake la mtandaoni na kuwarudishia wanunuzi fedha zao. Haukurejeshwa humo hadi Juni 2021. Kwa haki, ni lazima niseme kwamba kampuni hiyo iliendelea kuutengeneza, na kufikia mwaka 2023 ulikuwa mchezo mzuri. Lakini nani kati yetu angekubali kuuziwa shati lisilo na mikono kwa ahadi kwamba fundi ataileta baada ya miaka mitatu?

Mfano wa pili unauma zaidi kwa sababu unahusu fundi aliyekuwa bingwa. Kampuni ya Rocksteady ya London ilijipatia heshima kwa michezo ya Batman, hasa ile ya mwaka 2009 na 2011. Ilikuwa michezo ya mtu mmoja, yenye hadithi iliyofungwa vyema, na kila chumba kilikuwa na fumbo lililokutaka ufikiri. Wachezaji waliisifu bila kifani. Februari 2024 kampuni hiyo hiyo ilitoa Suicide Squad: Kill the Justice League, kwa dola 70. Safari hii mashujaa wanne walipewa bunduki, wakaamriwa kufyatua risasi usiku na mchana ili wakusanye silaha zenye tarakimu kubwa kidogo kuliko za jana, na mavazi yakauzwa dukani mle mle. Mchezo ulikusudiwa kuendelea bila mwisho, msimu baada ya msimu, ili mchezaji asiache kutoa fedha. Haukupendeza. Warner Bros., wenye mali, walikiri hasara ya dola milioni 200. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, ingawa katika kisa hiki nashuku kwamba wenye minazi ndio walioleta ndoo ya maji.

Mfano wa tatu nausimulia wanafunzi wangu kama ngano. Tarehe 23 Agosti 2024 Sony ilitoa mchezo wa Concord, uliokuwa umetengenezwa kwa miaka mingi. Picha zake zilikuwa safi na mitambo yake ilifanya kazi. Tatizo lilikuwa kwamba ulifanana na michezo mingine mitano au sita iliyokuwapo tayari, ambayo baadhi yake haitozi kiingilio, ilhali huu ulitozwa dola 40. Tarehe 6 Septemba ulizimwa. Siku kumi na nne! Wanunuzi walirudishiwa fedha, na kabla ya Oktoba kwisha ikatangazwa kwamba studio iliyoutunga itafungwa. Kuna mahindi yanayokaa shambani muda mrefu kuliko huo kabla ya kuota vizuri.

Sasa tulifumbue fumbo. Mwaka 2023, katika kesi iliyokuwa ikiendelea Marekani, nyaraka za Sony zilizofutwa vibaya ziliufichulia ulimwengu gharama halisi. Mchezo wa The Last of Us Part II wa mwaka 2020 uligharimu dola milioni 220. Horizon Forbidden West wa mwaka 2022 uligharimu dola milioni 212. Michezo hiyo miwili ilisifiwa, nami siisemi vibaya. Natazama hesabu tu. Tuseme kampuni imetumia dola milioni 200 na inauza kila nakala kwa dola 70. Duka la mtandaoni kwa kawaida huchukua asilimia 30, kwa hivyo kampuni hubaki na dola 49. Gawanya milioni 200 kwa 49. Utapata nakala zaidi ya milioni nne, na hapo bado haijapata faida hata ya senti moja, wala hatujagusa gharama za matangazo.

Mwenye kampuni anayeikabili hesabu hiyo hawezi kulala. Anapoletewa wazo jipya haulizi kama ni zuri. Huuliza kama linafanana na lililouzwa mwaka juzi. Anapoambiwa kwamba kipengele fulani ni kigumu, huamuru kilainishwe ili asimpoteze mnunuzi hata mmoja. Anaposikia kwamba mchezo wa jirani unauza mavazi kila msimu, huamuru na wake uuze. Ndiyo maana ukivicheza vitano kati ya hivi vya mabilioni utadhani umecheza kimoja: ramani pana iliyojaa alama mia, mnara wa kupanda, kambi ya kuteka, mti wa ujuzi, sauti inayokunong'oneza jibu kabla hujaliona swali. Fedha nyingi zimezaa hofu, na hofu imezaa mchezo usiothubutu kumwachia mchezaji achague jambo lenye uzito. Hicho ndicho kipande cha mti kilichomo ndani ya mkakasi.

Hofu hiyo ndiyo iliyoleta duka nililolikuta likizoni. Msingi wa duka hili ni ule wa wahenga: Bandu bandu huisha gogo. Mtu akikataa kutoa shilingi elfu tisa mara ya pili, atatoa mia mbili leo, mia tatu kesho. Na njia iliyo kali kuliko zote ni kasha la bahati, ambalo hulipiwa kabla ya kujua kilichomo. Novemba 2017 kampuni ya Electronic Arts ilitoa Star Wars Battlefront II kwa mpango ambao nguvu za mchezaji zilitegemea makasha hayo. Wachezaji waliwaka kwa hasira hata kampuni ikasimamisha malipo hayo kabla ya siku ya uzinduzi. Aprili 2018 tume ya kamari ya Ubelgiji ilitoa uamuzi kwamba makasha ya aina hiyo yanayouzwa kwa fedha ni kamari chini ya sheria ya nchi hiyo. Lakini kishawishi ni kikubwa: katika mwaka wa fedha uliokwisha Machi 2021, tawi la Ultimate Team la kampuni hiyo, ambalo sehemu yake kubwa ni pakiti za kadi za wachezaji wa kandanda, liliingiza zaidi ya dola bilioni 1.6.

Miaka michache iliyopita nilikuwa nikifundisha uwezekano katika Kidato cha Tatu. Kijana mmoja mwerevu aliinua mkono akauliza kuhusu makasha hayo. Alitaka nimthibitishie kwamba iwapo nafasi ya kupata zawadi adimu ni moja kwa mia, basi afunguaye makasha mia moja ataipata bila shaka. Nusu ya darasa iliitikia kwa vichwa. Niliwapa chaki. Nafasi ya kuikosa katika kasha moja ni 0.99. Nafasi ya kuikosa katika makasha yote mia ni 0.99 iliyozidishwa kwa yenyewe mara mia, nayo ni karibu 0.37. Kwa hivyo kati ya watu mia wanaofungua makasha mia kila mmoja, yapata 37 wataondoka mikono mitupu, na kasha la mia na moja halitawaonea huruma kwa sababu ya hayo mia ya kwanza. Darasa lilinyamaza. Kisha kijana akasema polepole: “Kwa hivyo, Mwalimu, kasha halikumbuki.” Tangu hapo sijapata sentensi bora ya kufundishia mada hiyo. Kasha halikumbuki, lakini anayeliuza anakumbuka vizuri sana.

Kuna uchungu mwingine, nao ni wa umiliki. Mtu akinunua kitabu leo, mjukuu wake anaweza kukisoma. Mchezo wa magari uitwao The Crew ulitolewa na kampuni ya Ubisoft ya Ufaransa mwaka 2014. Ulihitaji kuunganishwa na mitambo ya kampuni wakati wote, hata kwa mtu aliyeendesha gari lake peke yake. Tarehe 31 Machi 2024 mitambo hiyo ilizimwa, na kila diski ya mchezo huo duniani ikageuka kuwa kigae. Wachezaji wawili wa California walikwenda mahakamani mwaka huo. Barani Ulaya ombi la kutaka michezo isiuawe kwa namna hiyo lilivuka saini milioni moja Julai 2025. Nako California, sheria iliyoanza kutumika mwaka 2025 inayataka maduka ya mtandaoni yamweleze mnunuzi waziwazi kwamba anachopewa ni leseni. Yaani, baada ya kulipa, wewe ni mpangaji.

Wala wasidhani wasomaji kwamba wanaoumia ni wachezaji peke yao. Januari 2024 kampuni ya Microsoft iliwaachisha kazi watu 1,900 katika idara zake za michezo. Mei mwaka huo ilitangaza kuifunga studio ya Tango Gameworks ya Tokyo, ambayo mwaka mmoja tu uliotangulia ilikuwa imetoa Hi-Fi Rush, mchezo mdogo, mchangamfu, uliosifiwa pande zote kwa upya wake. Ilinusurika kwa kuwa kampuni ya Krafton ya Korea Kusini iliinunua Agosti. Mtunzi akiona aliyethubutu akifukuzwa pamoja na aliyeiga, atapata wapi moyo wa kuthubutu?

Hata hivyo sitaki kumaliza kwa matanga. Fedha peke yake si dhambi. Elden Ring wa Japani, uliotoka Februari 2022, ni mkubwa na mgumu, wala haumshiki mchezaji mkono. Ukipotea, umepotea, na furaha ya kuiona njia ni yako. Baldur's Gate 3 wa studio ya Larian ya Ubelgiji, uliokamilika Agosti 2023, ni mkubwa vilevile. Hauna duka la mavazi mlangoni, na neno moja unalomwambia mhusika leo laweza kukurudia baada ya saa thelathini. Watunzi wake waliuachia umma sehemu ya kwanza tangu Oktoba 2020, wakasikiliza, wakarekebisha kwa karibu miaka mitatu. Hawa walitumia mali nyingi bila kuitumikia.

Nao wadogo wametufundisha kwamba mkoba mwepesi si kilema. Kijana wa Marekani, Eric Barone, alikaa zaidi ya miaka minne akitunga peke yake mchezo wa kilimo uitwao Stardew Valley: michoro yake, muziki wake, maneno yake. Ulitoka Februari 2016, na kufikia mwisho wa 2024 ulikuwa umeuza zaidi ya nakala milioni 40. Hapa Afrika, vijana wa Kiro'o Games mjini Yaoundé, Kameruni, walitoa Aurion mwaka 2016, mchezo wenye falme na itikadi zilizotokana na ngano za bara letu, katika mazingira ambamo stima haiaminiki kuliko ya kwetu. Hapo pana somo kwa mwanafunzi anayefikiri kwamba bila dola milioni 200 hawezi kuanza.

Je, tufanye nini sisi walimu na wanafunzi? Rai yangu ya kwanza ni nyepesi: tusinunue mbuzi aliye guniani. Fedha inayotolewa kabla ya mchezo kutoka ni kura ya kuunga mkono matangazo, si kazi. Wale milioni nane wa mwaka 2020 walimwambia mwenye kampuni kwamba ubora ni jambo la hiari. Subiri majuma machache, wasikilize waliocheza, mara nyingi bei nayo hushuka. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Rai ya pili ni kwa walimu wenzangu. Tuache kuzungumza kuhusu michezo hii kama polisi wanaozungumza kuhusu chang'aa. Mtaala wetu wa umilisi umeuweka ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umilisi saba wa msingi, na ujuzi huo hauishii kwenye kubonyeza vitufe. Mwalimu wa Fasihi na auulize mchezo maswali yale yale anayoiuliza riwaya: dhamira yake ni ipi, wahusika wake wamejengwa vipi, msuko wake unashikana? Mwalimu wa Biashara na auchambue mkataba ule mrefu ambao sote hukubali bila kuusoma. Mwalimu wa Hisabati tayari ana kasha lake. Mwanafunzi aliyezoea kukihakiki kitu anachokipenda hatalaghaiwa kwa urahisi na muuzaji wa mavazi ya shujaa, wala na muuzaji wa jambo lolote lile baadaye maishani.

Rai ya tatu ni kwa wanafunzi. Tungeni. Anzeni na karatasi, kete na kanuni tatu. Mpe mwenzako acheze, umtazame bila kusema neno. Akichoka, kanuni zako zina dosari. Akikuomba mcheze tena, umepata kitu ambacho makampuni ya mabilioni yanakitafuta kwa tochi.

Muhula huu nimelipeleka bao shuleni, nikaliweka katika chumba cha klabu yetu ya Hisabati. Siku ya kwanza walilicheka. Juma la tatu ilinibidi niwafukuze saa kumi na mbili jioni ili bawabu afunge lango. Yule niliyekuwa nikimfukuza kwa sauti kubwa zaidi alikuwa na rununu ya bei mfukoni, yenye michezo isiyopungua kumi. Nilimuuliza mbona haichezi. Alijibu bila kuinua macho, kete zikiwa bado mkononi mwake: “Mwalimu, ngoja kwanza. Hapa bado sijajua nitapitia wapi.”